Korido ya Queen Mary imepinda na dohani zake zilikuwa rangi tupu: tumlaze mama humo au tughairi?

SWALI: "Habari fundi. Sisi tunaishi California, mwezi ujao mama anakuja kututembelea kutoka Kigoma. Mume wangu ameshabuku chumba usiku mmoja kwenye ile meli ya zamani, Queen Mary, pale Long Beach, siku hizi ni hoteli. Mimi nilishaingia mara moja na watoto na kilichonitisha ni ile korido ndefu ya vyumba, sakafu inashuka katikati halafu inapanda tena kule mwisho, unaona kabisa kwa macho. Nikajua meli imevunjika kiuno. Kaka yangu akanimalizia, anasema amesoma kwamba dohani zake, yaani yale mabomba makubwa ya moshi, zilipong'olewa zilisambaratika zikawa rangi tupu bila chuma, zile za sasa ni feki, na kwamba meli zote za ribiti, zile zilizofungwa kwa pini za chuma, ziko hivyo hivyo ndo maana Titanic ilizama, meli ni ya kuchomelea. Lakini yeye mwenyewe kuna boti ya chuma ya zamani pale Kigoma anataka kuinunua, nayo ni ya ribiti, sasa yuko njia panda. Mama anasumbuliwa na miguu, ngazi hawezi sana. Tumpeleke au tughairi? Na meli ya 1936 inaelea vipi mpaka leo?"

JIBU: Dada, nianze na korido maana naona ndo iliyokukosesha usingizi, haya mengine kaka ameongezea tu kuni.

Kiuno hakijavunjika. Ule mkunjo ulichorwa kwenye karatasi kabla hata bamba la kwanza halijakatwa. Muulize mama atakuambia mtumbwi wa Ziwa Tanganyika ukaaje, au kama umewahi kuliona jahazi likiwa limepwelewa ufukweni litazame kwa ubavu, omo, yaani mbele, iko juu, tezi, yaani nyuma, iko juu, katikati pameshuka. Ni hivyo ili omo ikipiga wimbi maji yasipande sitahani, kwenye sakafu ya juu, na chombo kipate nguvu ya kuinuka tena. Meli kubwa za abiria za zamani zilifuata umbo hilo hilo, na sitaha za ndani zikafuata sitaha ya juu. Sasa Queen Mary ina urefu wa mita 310 na kitu, na korido zake zimenyooka bila kona mbali sana, kwa hiyo ule mkunjo ambao kwenye mtumbwi unauona kwa nje, pale umesimama ndani yake. Meli mpya za kitalii wanazijenga sitaha bapa kama sakafu ya ghorofa, ni rahisi zaidi kuunda, ndo maana hujazoea.

Utajuaje basi kama chuma kimevunjika kweli? Siku mkifika simama gatini kabla hujaingia, tazama ile safu ya madirisha ya duara ubavuni. Yanapanda taratibu, moja baada ya jingine, mpaka omo, na upande wa pili mpaka tezi, hakuna mahali safu imekatika ghafla. Meli iliyopinda kwa kuchoka haipindi kwa mpangilio, utaona milango inagoma kufunga, vigae vimepasuka kwa mstari wa mshazari, bamba la nje limejikunja kama karatasi ya biskuti. Nenda ukaangalie mwenyewe.

Na hapo nieleze kidogo kiuno cha meli kinaumwa wapi, maana wengi wanadhani meli inachoka kwa kubeba mizigo. Chukua rula ndefu ya plastiki, ishike ncha mbili, bonyeza katikati, halafu geuza, shika katikati bonyeza ncha. Hivyo ndo bahari inavyoifanya meli mchana na usiku, wimbi likiwa katikati ncha zinaning'inia, mawimbi yakiwa kwenye ncha katikati pananing'inia, mara elfu na elfu kila safari. Queen Mary ilifanya hivyo kati ya Southampton na New York toka Mei 1936 mpaka 1967, ikapitia na miaka ya vita humo humo, na kiuno kikashika. Sasa hivi imelala kwenye maji yaliyozungushiwa ukuta wa mawe, hakuna wimbi la kuikunja. Kwa upande wa kiuno ni mzee aliyestaafu amekaa barazani.

Dohani sasa. Hapa kaka yako ana ukweli nusu. Ni kweli zile za mwanzo zilipotolewa Long Beach, mwisho wa miaka ya sitini, ili boila zipate njia ya kutolewa, chuma chake kilikuwa kimeliwa vibaya mno na kilichokuwa kinazishikilia kwa sehemu kubwa ni rangi, tabaka juu ya tabaka ya miaka 30. Zikasambaratika. Mnazoziona leo ni nakala za aluminiamu. Lakini wakati meli inasafiri dohani zote tatu zilikuwa za kazi, zinatoa moshi, si kama mpinzani wake Mfaransa, Normandie, ambaye dohani yake ya tatu ilikuwa pambo tu, humo ndani walifuga mbwa wa abiria.

Ila kutoka kwenye dohani kwenda kwenye mwili mzima wa meli, hapo ndo kaka ameruka mtaro usiorukika. Dohani ni bati jembamba kulinganisha na ubavu. Ndani yake unapita moshi wa mafuta mazito yenye salfa, ule moshi ukikutana na unyevu unakuwa asidi, inakula chuma kwa ndani huku nje mabaharia wanapaka rangi safi nyekundu kila mwaka. Ubavu wa meli hauna moshi, na mabamba yake sehemu nyingine yanazidi unene wa inchi moja. Kuhukumu ubavu kwa dohani ni kama kuhukumu nguzo za nyumba kwa bati la jikoni lililotobolewa na moshi wa kuni.

Kwenye ribiti nitakaa kidogo, kwanza nazipenda, pili zinamhusu kaka.

Meli hii ilijengwa Clydebank, Scotland, kwenye karakana ya John Brown, wakati huo haina jina, wanaiita tu 534, namba ya kazi. Waliianza mwisho wa 1930, Desemba 1931 hela ikaisha kwa ule mdororo wa uchumi wa dunia, ikabaki mifupa na mabamba juu ya chelezo, jukwaa la kujengea meli, inanyeshewa mpaka Aprili 1934, serikali ya Uingereza ilipokopesha fedha kwa sharti kwamba Cunard, kampuni yenye meli hii, iungane na White Star, ile kampuni iliyokuwa na Titanic. Kazi ya kwanza waliporudi ilikuwa kukwangua kutu. Yaani meli ilianza kuvaana na kutu kabla hata haijagusa maji! Ikashushwa mtoni tarehe 26 Septemba mwaka huo huo, ina ribiti zaidi ya milioni 10.

Ribiti moja inafungwaje? Wanaume wanne watano hivi. Mmoja yuko na jiko la makaa, anaipasha mpaka inakuwa nyekundu ya kung'aa, anaitoa kwa koleo anamrushia mwenzake, huyo anaidaka anaitia kwenye tundu linalopita mabamba mawili yaliyolaliana, mwingine anaegemea kichwa cha ribiti kwa nyundo nzito upande wa ndani, na wawili upande wa nje wanaiponda mkia wake mpaka inakuwa kichwa cha pili. Sehemu zilizo wazi walitumia mashine. Sasa utamu wake uko baada ya hapo, wakati watu wameshaondoka kwenda ribiti nyingine, ile inapoa, na chuma kikipoa kinasinyaa, kwa hiyo inavuta vile vichwa viwili na kuyabana mabamba kwa nguvu ambayo nyundo peke yake haiwezi kuitoa. Mabamba yanashikana kwa msuguano, ribiti yenyewe ni kibano. Halafu anapita fundi na tindo, anaponda ukingo wa bamba la juu uingie kwenye bamba la chini ili maji yasipenye, na kazi hiyo ni kukalafati, sawa na fundi wa jahazi anavyokalafati kwa pamba na mafuta, tofauti hapa kinachoingizwa kwenye ufa ni chuma chenyewe.

Titanic haikuzama kwa sababu ilikuwa ya ribiti. Iligonga barafu usiku wa Aprili 1912 kwa mwendo mkubwa, mishono ikafunguka kwenye vyumba vya kuzuia maji vingi kuliko vinne vya mbele ambavyo ilichorwa ivumilie. Ni kweli watafiti walipima ribiti zilizotolewa kule chini, wakakuta baadhi, zile za chuma cha zamani zilizotumika sehemu za omo na tezi, zina mabaki mengi ya taka za tanuri ndani yake, na hizo hukatika vichwa haraka. Hilo ni suala la ubora wa ribiti, usilibebeshe ribiti zote. Na kuchomelea nako kulikuwa na msiba wake, wakati wa Vita vya Pili Wamarekani walichomelea meli za mizigo za Liberty kwa mamia, baadhi zikapasuka kwenye maji baridi, kuna zilizokatika vipande viwili, kwa sababu ufa ukianza kwenye meli ya kuchomelea unasafiri kutoka bamba hadi bamba bila kizuizi, wakati kwenye meli ya ribiti ukifika kwenye mshono mara nyingi unaishia pale, bamba la pili ni kipande kingine. Wakaja kuweka mishono ya ribiti makusudi kwenye baadhi ya meli hizo ili kuzuia ufa. Leo sote tunachomelea, chuma kimeboreshwa, ni nyepesi, haraka na haivuji, mimi mwenyewe ukinipa meli mpya nitachomelea. Ila kudharau ribiti ni kutokujua.

Queen Mary yenyewe ilishajaribiwa. Tarehe 2 Oktoba 1942, karibu na Ireland, ikiwa na askari wa Kimarekani kama 10,000 ndani na imepakwa rangi ya kijivu, iligonga manowari ya Kiingereza iliyokuwa inaisindikiza, Curacoa, ikaikata vipande viwili. Walikufa watu zaidi ya 330, na meli ilikuwa na amri ya kutosimama kwa hofu ya nyambizi za Wajerumani, ikaendelea na safari. Huwa siwezi kulisimulia hili haraka haraka, vijana wale waliachwa majini wakiitazama inaondoka. Omo ilikunjamana vibaya, lakini ukuta wa ndani nyuma ya omo ulishika na ikafika bandarini.

Inaelea vipi mpaka leo? Inaelea kwa sababu ile ile jahazi linaelea, mwili wake unasukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Lakini kuna jambo zuri hapa. Ilipouzwa kwa jiji la Long Beach mwaka 1967, kwa dola milioni 3.45, walitoa boila zote, wakatoa na chumba cha injini cha mbele, wakaacha cha nyuma tu. Tumbo likabaki tupu. Chombo chepesi tumboni kinapanda juu na kinaanza kuyumba, kila nahodha wa jahazi anajua, ndo maana anatia farumi, uzito wa chini wa kukituliza chombo. Na wao wakafanya hivyo hivyo, matangi ya chini yakajazwa tope ili meli ikae majini pale pale ilipochorwa ikae. Mshangao wangu ulikuwa mkubwa nilipojua, meli ya tabaini nne, mashine zinazozungushwa na mvuke, nguvu farasi 160,000, iliyovuka Atlantiki mwaka 1938 kwa siku 3, saa 20 na dakika 42 na rekodi yake ikakaa hadi 1952, leo imetulizwa na matope.

Sasa nisikufiche, ugonjwa upo. Haujakaa ulipoutazama tu. Kutu inataka vitu vitatu, chuma, maji na hewa, na mahali vitatu hivyo vinapokutana zaidi ni ule mstari ubavuni ambapo maji yanalamba na kuacha, na kwa ndani kule ngamani, chini kabisa tumboni, maji kidogo yaliyotuama, giza, hakuna anayepita. Kwenye meli ya ribiti ongeza na katikati ya mabamba yanapolaliana, kutu ikiota pale inavimba, inayasukuma mabamba yaachane. Queen Mary haijapandishwa gudi, yaani kutolewa majini ikatengenezwe, toka mwisho wa miaka ya sitini, na mwaka 2017 ripoti ya wakaguzi ilikadiria matengenezo ya kati ya dola milioni 235 na 289. Jiji likaichukua lenyewe 2021, wakaondoa boti nyingi za kuokolea watu kwa sababu zilishaoza na zinalemea ubavu, wakafanya matengenezo ya haraka, hoteli ikafunguliwa tena 2023 baada ya kufungwa toka 2020. Kwa maoni yangu hela iliyotumika bado ni ndogo kulinganisha na inachodaiwa, na inaniuma, maana chombo kama hiki kikienda hakijengwi tena.

Lakini ugonjwa wa miaka haugeuki hatari ya usiku mmoja. Meli imefungwa gatini, haiko kwenye kina cha bahari kuu, kuna watu wa zamu, na kutoka ni kutembea kwenye daraja mpaka nchi kavu. Mimi ningempeleka mama. Kama kuna kitu cha kukitilia maanani kwenye meli kuukuu yenye mbao nyingi kiasi kile ni moto, Normandie niliyoitaja iliungua ikiwa imefungwa gatini New York, Februari 1942, cheche za mafundi waliokuwa wanakata chuma, halafu maji ya zimamoto yakaijaza upande mmoja ikapinduka. Kwa hiyo mkiingia chumbani msomee mama ile ramani nyuma ya mlango, hesabuni milango mpaka ngazi iliyo karibu, ni dakika mbili tu.

Kuhusu miguu yake, piga simu hotelini kabla, usiulize tu "mna lifti", uliza lifti ipi inafika sitaha ya chumba chenu na siku hiyo inafanya kazi. Omba chumba cha katikati ya meli, kule mwisho wa korido kile kimlima unachokiogopa wewe kwa magoti yake kitakuwa kazi kweli. Milango mingine, hasa ya bafuni na ya kutokea sitahani, ina kizingiti kilichoinuka, kilikuwa cha kuzuia maji, mshike mkono hapo. Na korido zina mbao za kushikilia ukutani, bahati yake, ziliwekwa kwa sababu meli ilikuwa inayumba sana, haikuwa na mapezi ya kuituliza mpaka 1958. Mwonyeshe na bafu, kwenye vyumba vya daraja la kwanza walikuwa na bomba nne, maji baridi na moto ya kawaida, na maji baridi na moto ya bahari. Mbao za kutani zilitoka makoloni ya Uingereza kila pembe, aina zaidi ya 50, mguse mama ukuta ule kwa mkono, ni laini kama kitabu. Na watoto wapelekeni nyuma kabisa kwenye chumba cha injini kilichobaki, kuna rafadha moja, lile panga la kuisukuma meli, bado iko majini inaonekana kutoka juu, moja ina tani zaidi ya 30, na zilikuwa nne.

Nimalizie na kaka, maana yeye ndo anatoa hela. Mwambie asiikimbie boti kwa sababu ya ribiti. Liemba iliyo hapo hapo Kigoma ni ya ribiti, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikatengenezwa na kurudi kazini 1927. Maji ya ziwa hayana chumvi, na hilo limesaidia sana. Ila asiinunue kwa kuangalia rangi. Mimi nilishaitwa mara moja kuangalia tishari la mtu, limepakwa kijani kibichi cha kupendeza, muuzaji kasimama pembeni anatabasamu, nikagonga na nyundo ndogo kwenye mstari wa maji. Bamba zima hulia kama kengele, lililooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Hapo mara ya tatu ncha ya nyundo iliingia ndani, rangi ikabaki imening'inia kama ngozi.

Kwa hiyo apandishe boti chelezoni kwanza, akikataliwa aachane nayo hapo hapo. Amtafute mtu mwenye kile kipimo cha unene kinachotumia mawimbi ya sauti, kidude cha mkononi, unapaka jeli unagusisha bamba kinakusomea milimita, apime mstari wa maji pande zote mbili, ngamani chini ya injini, na kuzunguka tundu la shafti, na kila sehemu asome mara kadhaa. Akiona mabamba yameachana kwenye mshono na kutu imevimba katikati, hiyo si ya kupaka rangi wala ya kuzibia kwa kuchomelea juu, joto la kuchomelea linalegeza ribiti za jirani, atavuja pale ambapo hapakuwa panavuja. Bamba linatolewa zima. Na kabla hajatoa hata shilingi awaite wakaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, waje waione kwa macho, mimi niko mbali na picha za simu hazitoshi kumwambia mtu apakie abiria.

Mpe mama shikamoo yangu.